Mashine ya kupimia mimba ya ng'ombe ipime na figo za punda

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sijawahi kusikia likijadiliwa katika bunge lolote la kaunti, nalo ni figo za punda. Mashine ndogo za altrasaundi, zile zinazobebwa begani na kutumia betri, zimeanza kuzoeleka miongoni mwa madaktari wa mifugo nchini, na kazi yake kubwa ni kupima mimba ya ng'ombe wa maziwa. Ombi langu ni kwamba kaunti inaponunua mashine ya aina hiyo kwa fedha za umma, iagize pamoja nayo probu ya tumbo (probu ni kile kishikizo kinachogusishwa mwilini ili kutuma na kupokea mawimbi ya sauti) na uwezo wa kupima mwendo wa damu kwa njia ya Doppler, ili mashine hiyo hiyo iweze kukagua figo za punda au farasi wakati bado kuna la kuokoa. Chini ya Katiba ya 2010 huduma za mifugo ni jukumu la kaunti, na kwa hiyo maneno yangu nayaelekeza huko, si Nairobi.

Ninaandika nikiwa Lamu, mji ambao vichochoro vyake havipitiki kwa lori na ambako nyumba hujengwa kwa mgongo wa punda. Mawe na mchanga hushushwa ukingoni kutoka majahazini, hupakiwa kwenye shogi, kisha punda huvipandisha mjini, safari baada ya safari, mpaka jua la utosi. Wenye punda wengi ninaowajua ni watu wa huruma na humwita kila mnyama kwa jina lake, lakini kazi ikichacha, maji husubiri. Punda akianza kuchechemea, au shogi ikimchubua hadi jeraha likatunga usaha, mwenyewe huenda kwenye duka la dawa za mifugo akatoka na dawa ya maumivu, mara nyingi fenilibutazoni, ambayo watu wa farasi huiita byuti, na jioni hutafuta mtu wa kumdunga sindano ya jentamisini, dawa ya kuua bakteria. Kesho yake mnyama hachechemei tena, na kazi inaendelea kana kwamba hapakuwa na lolote.

Hapo ndipo figo zinapoingia matatani. Figo hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, lakini damu hiyo haigawanywi sawasawa ndani yake: tabaka la nje hupata ya kutosha na kusaza, ilhali sehemu ya ndani kabisa hupata haba hata mnyama akiwa mzima. Maji yanapopungua mwilini, mishipa hubanwa ili ubongo na moyo visikose damu, na figo hujitetea kwa kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huiacha wazi mishipa yake midogo. Fenilibutazoni huondoa maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini hizo hizo. Kwa mnyama aliyekunywa maji na kupewa dozi sahihi madhara huwa madogo, lakini kwa mnyama aliyekauka, sehemu ile ya ndani hukosa damu ikafa, na kilichokufa humo hakioti tena. Jentamisini nayo huingilia mlango mwingine: hujilimbikiza katika chembe za mirija ya figo, kwenye tabaka la nje, na kuziua taratibu huku mkojo ukiendelea kutoka kama kawaida. Sijui mchanganyiko mbaya zaidi kwa figo za mnyama mwenye kiu kuliko dawa hizi mbili zikitolewa pamoja na mtu asiyeuliza habari za maji.

Punda ana sifa inayomponza. Imethibitishwa tangu zamani kwamba anaweza kupoteza maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake na bado akasimama, kisha akayarudisha kwa kunywa ndani ya dakika chache, ilhali farasi akifika nusu ya kiwango hicho huwa katika hatari ya kufa. Tena punda hajui kulalamika. Farasi mwenye maumivu ya tumbo hugaagaa chini na kutoka jasho hadi mtaa mzima ukajua. Punda huinamisha kichwa, hupunguza kula, akatulia, na mwenyewe humhesabu kuwa amechoka tu. Kuna na tatizo la dozi. Maelekezo mengi ya dawa hizi yameandikwa kwa kumfikiria farasi, na punda huitoa fenilibutazoni mwilini haraka zaidi ya farasi. Daktari anayeijua kazi yake hufupisha muda kati ya dozi, na asiyejua, akiona mnyama ameanza kuchechemea tena mapema, huongeza dozi yenyewe.

Tegemeo letu mpaka sasa ni kipimo cha kreatinini katika damu, yaani taka ya mwili ambayo kazi ya figo ni kuiondoa. Ni kipimo kizuri na sikidharau, ila kina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kreatinini huvuka kiwango cha kawaida pale ambapo takriban robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea, kwa hiyo jibu linapokuja kuwa baya, ni baya kweli. Ya pili ni ya huku kwetu: sampuli ya damu huvushwa kwa mashua hadi Mokowe, ikapanda basi kwenda maabara ya bara, na majibu yakirudi, mnyama ama amepona ama amekwisha kuzikwa. Daktari aliyesimama ukingoni na mnyama mbele yake anahitaji kitu cha kumwambia hapo hapo kama damu inaingia katika figo au haiingii.

Kitu hicho kipo, na si kigeni kwa jamii ya farasi. Mwaka 1980 watafiti wa Ufaransa, Palmer na Driancourt, walieleza jinsi altrasaundi inavyoweza kutumiwa kuchunguza viungo vya uzazi vya farasi jike, na baada ya hapo matumizi yakaenea hadi kwenye mishipa ya miguu, moyo, ini, utumbo na figo. Wao nao, kwa hiyo, waliingilia mlango wa uzazi kama tunavyoingilia sisi na ng'ombe wetu. Tofauti ni kwamba hawakuishia mlangoni.

Altrasaundi ya kawaida huonyesha umbo la figo: ukubwa wake, mipaka ya matabaka yake, mawe na uvimbe. Figo iliyoharibika muda mrefu husinyaa na kung'aa kupita kiasi, na iliyoshambuliwa ghafla huweza kuvimba, lakini mara nyingi katika siku za kwanza, siku ambazo tiba ina maana, umbo huonekana zuri tu. Ndiyo maana nasisitiza Doppler. Mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, alieleza mwaka 1842 kwamba masafa ya wimbi hubadilika kwa anayelipokea chanzo chake kinaposogea karibu au kinapokwenda mbali. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya honi ya basi linalokuja isikike nyembamba, na likishapita isikike nzito. Chembe nyekundu za damu zinazokimbia ndani ya mshipa hurudisha mwangwi wa mawimbi ya probu kwa kanuni hiyo, na mashine hukokotoa kutokana na mwangwi huo damu inakwenda upande gani na kwa kasi gani.

Naomba nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba inahitaji hospitali kubwa. Mnyama husimama kivulini, mwenyewe akiwa ameshika kichwa. Nywele hunyolewa juu ya mbavu za mwisho na kiunoni, ngozi husafishwa, hupakwa jeli, na daktari husimama ubavuni akiwa amemwekea mnyama mkono wa pili mwilini, maana shukrani ya punda sote tunaijua. Figo ya kulia hulala juu, chini ya mbavu za mwisho, na huonekana probu ikiwekwa baina ya mbavu kuanzia ule wa 15 hadi wa 17, karibu na usawa wa mfupa wa nyonga. Kwa farasi ina umbo la kopa. Ya kushoto ina umbo la haragwe na imekaa ndani zaidi, nyuma ya wengu, na wengu huo badala ya kuzuia hupitisha mawimbi vizuri na kutupa cha kulinganishia: tabaka la nje la figo nzima huonekana la kijivu lililofifia kidogo kuliko wengu, sehemu ya ndani huwa nyeusi zaidi, na katikati kabisa, penye mafuta na mishipa mikubwa, hung'aa. Ukiwasha rangi za Doppler, mishipa hujitokeza kwa wekundu na samawati. Rangi hizo huonyesha damu inayokuja kwenye probu na inayoikimbia. Hazibainishi ateri na vena, ingawa nimewasikia watu wenye shahada wakifundisha hivyo.

Baada ya hapo daktari huchagua ateri ndogo ndani ya figo yenyewe, zile zinazopita kati ya vipande vyake au zinazojipinda kwenye mpaka wa matabaka, huweka alama ya kupimia juu yake, na kioo huchora mawimbi: kilele moyo unaposukuma, kisha mteremko hadi pigo linalofuata. Tuseme kilele ni sentimita 60 kwa sekunde, na kasi ya mwisho wa mteremko ni sentimita 24. Toa 24 kwenye 60, upate 36, kisha gawanya kwa 60: jibu ni 0.6. Mishipa ya ndani ikibana, au figo ikivimba ndani ya ganda lake lisilotanuka, damu hupita kwa shida moyo unapopumzika; ile 24 ikishuka hadi 12 huku kilele kikibaki pale pale, jibu hupanda hadi 0.8. Namba hii huitwa kielezo cha ukinzani, na njia hii ya kuikokotoa ilitolewa na Mfaransa Pourcelot mwaka 1974. Uzuri wake ni kwamba ni uwiano. Kasi halisi haipatikani kwa usahihi mpaka probu iwe na pembe nzuri na mshipa, isiyozidi digrii 60, na juu ya mgongo wa punda anayepumua na kujitikisa inzi, pembe hiyo ni bahati. Lakini katika uwiano kosa la pembe linaloongeza namba ya juu huongeza na ya chini kwa kiasi kile kile, na yote mawili yakafutana.

Sasa nieleze ninachokihofia, kwa sababu mashine inayotoa namba huwapa watu ujasiri kupita maarifa yao. Kwa binadamu madaktari wengi huchukulia 0.70 kuwa mpaka wa juu wa kawaida, na nimeona namba hiyo ikinyakuliwa na kubandikwa kwa wanyama bila kufikiri. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wa farasi hupiga takriban mara 28 hadi 44, na wa punda hupiga haraka kidogo kuliko wa farasi. Moyo unaopiga polepole huacha nafasi ndefu kati ya pigo na pigo, kasi ya damu huendelea kushuka katika nafasi hiyo, na kielezo hupanda ijapokuwa figo ni nzima kabisa. Zaidi ya hayo, farasi wengi wazima wakitulia huruka pigo moja mara kwa mara, jambo ambalo kwao si ugonjwa, na wimbi lililotangulia pengo hilo likipimwa litatoa jibu la kutisha. Kuna pia dawa za kutuliza. Zailazini na detomidini hupunguza mapigo ya moyo, hubadilisha shinikizo la damu na kuongeza mkojo. Nimewahi kusoma ripoti iliyomhukumu punda kuwa na figo mbovu kwa namba moja tu iliyochukuliwa muda mfupi baada ya kudungwa zailazini, na ripoti hiyo ilikuwa na muhuri. Anayepima hana budi kupima mapigo kadhaa mfululizo, katika figo zote mbili, aandike mapigo ya moyo na dawa zilizotolewa kando ya kila namba, na ikiwezekana asimpe mnyama dawa ya kutuliza hata kidogo. Punda wetu kwa tabia zake huvumilia kazi hii vizuri kuliko farasi wa mbio, akipewa muda wa kuzoea.

Kwa sababu hizo hizo, namba moja ya leo ina thamani ndogo kuliko namba mbili za mnyama yule yule, ya leo na ya kesho baada ya maji. Hapa ndipo vyuo vyetu vinapohitajika. Kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, wana wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada kila mwaka. Mada ni hii: punda wazima wa Afrika Mashariki, wa umri mbalimbali, wapimwe kabla ya kazi na baada ya kazi, kabla ya kunywa na baada ya kunywa, ili daktari wa Lamu, wa Mwea au wa Dodoma awe na kiwango cha kulinganishia kinachotokana na punda wa kwao, badala ya kuazima cha farasi wa Ulaya mwenye uzito mara tatu ya mnyama aliye mbele yake.

Niseme pia kwa nini probu ya ng'ombe peke yake haitoshi, kwa kuwa afisa wa ununuzi atauliza. Probu ya kupimia mimba imenyooka, masafa yake kwa kawaida ni megahezi 5 hadi 7.5, na imeundwa kuingizwa katika njia ya haja kubwa ili ione kwa ubora kitu kilicho karibu. Figo ya farasi iko mbali na ngozi, na ya punda, ijapokuwa iko karibu zaidi, bado inahitaji masafa ya megahezi 2.5 hadi 5 na uso uliobinuka ili taswira itanuke kuelekea ndani. Kuna atakayesema probu ile ile iingizwe kwa njia ya nyuma kama kwa ng'ombe. Kwa njia hiyo hufikiwa ncha ya nyuma ya figo ya kushoto tu, na kwa punda mdogo kama wetu utumbo huo ni mwembamba na huchanika kirahisi, na ukichanika mnyama kwa kawaida hufa. Haifai kuhatarisha uhai wa mnyama kwa ajili ya kuona nusu ya figo moja.

Mwaka jana mzee mmoja wa Langoni alimleta punda wake jike aliyekuwa akipewa dawa ya maumivu kwa muda mrefu kwa sababu ya kwato. "Daktari, huyu hana ila uchovu," aliniambia. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mara ya mwisho amekunywa maji lini?" Akacheka kwa upole: "Punda hafi kwa kiu, mwanangu." Kwa bahati mwenzangu anayepima mimba za ng'ombe upande wa bara alikuwa amekuja kisiwani na mashine yake, na ilikuwa na probu ya tumbo. Ufizi wa mnyama ulikuwa mkavu, lakini mkojo wake tulipoutia kwenye rifraktomita, kifaa cha kupimia uzito wa mkojo, ulikuwa mwepesi karibu na maji, hali ambayo katika mwili uliokauka haina maelezo mengine mazuri, kwani figo nzima ingekuwa imeubana mkojo huo mpaka ukawa mzito. Kielezo cha ukinzani kilikuwa juu katika figo zote mbili, ilhali moyo ulikuwa unapiga haraka na hatukuwa tumempa dawa yoyote ya kutuliza. Tulisimamisha dawa ya maumivu, tukaweka dripu, tukampa maji ya kunywa kidogo kidogo, na kwa siku zilizofuata namba ilishuka na mkojo ukaanza kuwa mzito.

Sidai kwamba mashine ilimponya. Maji ndiyo yaliyomponya, na pengine angepona kwa maji tu bila sisi kutazama chochote. Ambacho mashine ilifanya, na sikuwa nimekitarajia, ni kumgeuza mwenyewe. Mzee yule alikuwa amesikia kutoka kwangu na kwa wengine mara nyingi kwamba punda anahitaji maji katikati ya kazi, na kila mara alikuwa akiitikia kwa adabu kisha akaendelea na yake. Siku ile alitazama kioo, akaona rangi ikiingia katika figo na kukatika, ikiingia na kukatika, akaniuliza kama ndivyo inavyotakiwa. Nikamwambia sivyo. Mnyama huyo alipumzishwa mpaka tuliporidhika, na ndoo ya maji ikawekwa pale wanapopakilia mawe, bila mimi kuiomba.

Najua jibu nitakalopewa: kwamba ziko zahanati ambazo mama mjamzito hapati altrasaundi, sembuse punda. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi, lakini haihusu ombi langu, kwa sababu sisemi inunuliwe mashine ya punda. Nasema mashine ya ng'ombe, ambayo itanunuliwa kwa vyovyote vile, isinunuliwe ikiwa na jicho moja. Wala sisemi Doppler ichukue nafasi ya vipimo vya bei nafuu. Rifraktomita ya kupimia uzito wa mkojo inaingia mfukoni na haihitaji umeme, na kama kaunti haina fedha za kitu kingine chochote, basi kila afisa wa mifugo apewe hiyo kwanza. Asiye na mashine anaweza pia kuuliza maswali mawili matatu: amekunywa lini, amepewa dawa gani, na anakula? Swali la mwisho lina uzito wake, maana punda aliyesusa kula, hasa mnene au mwenye mimba, huyeyusha mafuta yake na kuyajaza katika damu, na ini na figo zake huweza kushindwa kazi kwa pamoja.

Kuhusu farasi sina mengi. Wa mbio kule Ngong wana wenyewe wenye uwezo na madaktari wao binafsi, na hatari yao ya pekee, ile ya misuli kuharibika baada ya mazoezi makali na kutoa kemikali inayogeuza mkojo kuwa wa kahawia na kuziba mirija ya figo, inajulikana na kushughulikiwa mapema. Mnyama asiye na mtetezi ni punda. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilionyesha kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa nchini kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 kwa ajili ya biashara ya ngozi. Serikali ilitangaza marufuku mwaka 2020, na mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Tulipiga kelele, na tulifanya vyema. Lakini punda aliyenusurika kisu kisha akafa kwa figo kwa sababu ya dawa ya kununua dukani ni hasara ile ile kwa hamali anayemtegemea, na huyu wa pili haingii katika hesabu ya mtu yeyote.

Wapo watakaosema kwamba Lamu inajiweza, kwa kuwa tangu 1987 tuna zahanati ya punda iliyofunguliwa na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, ambayo hutibu bila malipo. Ni kweli, na watu wa hapa wanaishukuru. Hata hivyo, punda wanaochota maji Kajiado na Turkana, na wanaovuta mikokoteni Kiambu na Naivasha, hawana zahanati ya aina hiyo, na hata sisi hatupaswi kuiachia hisani kazi ambayo Katiba imeipa serikali ya kaunti.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na la kwanza ndilo kubwa. Wakurugenzi wa huduma za mifugo katika kaunti waandike katika masharti ya zabuni kwamba mashine iwe na probu ya tumbo ya masafa ya megahezi 2.5 hadi 5 na iwe na Doppler ya rangi na ya mawimbi, zote mbili, kwa kuwa ya rangi peke yake haitoi kielezo. Pili, fungu la mafunzo liambatane na mashine, na mkufunzi awe mtu aliyewahi kupima figo za farasi au punda, si wakala wa kampuni inayouza. Tatu, wenye mamlaka ya kusimamia dawa za mifugo wafuatilie uuzaji wa fenilibutazoni na jentamisini bila cheti cha daktari, jambo ambalo linafanyika mchana kweupe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na orodha za ununuzi huandikwa miezi mingi kabla yake. Mstari wa probu usipoingia katika orodha hiyo sasa, hauingii tena, maana probu inayoombwa peke yake baada ya mashine kufika huambiwa kwamba mashine tayari ipo.

Wako,
Daktari wa mifugo,
Lamu